Kiyoyozi cha Kanisa

Jumatatu, 6 Januari

Jua la mwaka huu limeingia na hasira zake. Saa tano asubuhi mabati yashaanza kualika juu ya kichwa changu, nami nimelazwa chini yake kwa ubavu, kama gunia la mahindi lililosahauliwa na wachukuzi. Nimemwomba mume wangu daftari hili kwa sababu mwanangu Orina na wadogo zake wamerudi bweni leo na sina mtu wa kugombana naye mchana kutwa.

Mume wangu ni Ombui. Ana banda la jua kali hapa hapa mbele ya nyumba, mtaani Suna, Migori, anachomelea milango na madirisha ya chuma. Namsikia kwa grainda lake la kukatia chuma. Kumwona, ng'o, mpaka aingie kunigeuza. Tangu Septemba, bodaboda iliponitupa mtaroni nikitoka Kehancha kununua mahindi ya duka langu, mwili wangu unaishia kifuani. Kutoka hapo kwenda chini ni wa mtu mwingine, na huyo mtu hana habari nami. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha magurudumu, kikazuka kidonda juu ya makalio, daktari akapiga marufuku kiti. Nilale, nigeuzwe, ningoje.

Lakini kidonda sikiogopi. Naogopa joto. Daktari wa Homa Bay alinieleza kwamba uti wa mgongo ulioumia ndio uliokuwa ukipeleka habari mwilini kwamba sasa toa jasho. Siku hizi chini ya kifua sitoi hata tone. Wewe ukipata joto utalowa, upepo utakupiga, utapoa. Mimi napanda tu kama sufuria iliyofunikwa. Alisema tutafute kiyoyozi kabla ya Februari, na hakuwa anacheka.

Kaka yangu Machuki amepiga simu kutoka Nyamira. Amesema joto likitushinda atakuja kunichukua anipeleke kwa mama, kwenye baridi. Amesema kwa upendo, najua. Ila kwetu mke mgonjwa akienda kwao, watu hawasemi ameenda kupoa. Wanasema amerudishwa. Kabla mwezi haujaisha wanamtafutia mumewe mtu wa kumpikia, na huyo mtu akishaingia jikoni, mimi nitarudi wapi? Nilimuuliza Ombui atamjibu nini Machuki akija. Akasema, "Tutaona." Hilo ndilo neno lake. Tumeoana miaka kumi na sita na sijamsikia akimwambia mtu hapana.

Jumanne, 7 Januari

Taulo la maji shingoni. Taulo la maji mapajani, ambalo silihisi. Joto.

Ijumaa, 10 Januari

Fundi amemaliza kupigilia dari na kuziba mianya yote chini ya paa. Bila hivyo, alisema, kiyoyozi kitakuwa kinapoza Migori nzima bure. Sasa hata sauti ya mvua nitaisikia kwa mbali, kama ipo.

Jumanne, 14 Januari

Kliniki Homa Bay. Nilisafiri nimelala kiti cha nyuma, dirisha linanionyesha mawingu na nyaya za stima tu. Kidonda kinaanza kufunga.

Tukirudi nilimlazimisha Ombui asimame kwenye duka la friji na viyoyozi. Mimi siwezi kushuka, basi mwenye duka, dada mmoja anaitwa Celestine, akatoka mwenyewe na simu yake, akafungua mlango wa gari, akachuchumaa karibu na kichwa changu kana kwamba kila siku wateja wake huja wamelala. Nilimpenda papo hapo. Nikamwambia nataka ile yenye nyota nyingi. Akacheka.

"Mama, kila mtu anakuja na nyota mdomoni," akasema. "Nyota haikwambii inakula kiasi gani."

Akanionyesha kwenye simu picha za zile karatasi zinazobandikwa usoni mwa mashine. Nyota, alinieleza, zinasema mashine inakupa baridi kiasi gani kwa kila yuniti ya stima inayokula, na unalinganisha nyota kwa mashine za ukubwa mmoja. Kubwa yenye nyota tano inaweza kula kuliko ndogo yenye nyota nne. Hapo nikaelewa: ng'ombe mwenye adabu bado anakula kuliko mbuzi. Chini ya nyota kuna namba ya yuniti za mwaka mzima, hiyo ndiyo mtu ashindanishe, na ikiwa ndogo ni afadhali. Hata hiyo, akasema, usiimeze mzima mzima. Wameihesabu kwa saa fulani tu na chumba kimefungwa vizuri. Mimi wa kuiwasha mchana kutwa nitakula zaidi.

Kisha akauliza chumba changu kina hatua ngapi na stima yetu ina kazi gani nyingine. Ombui akamwambia laini ni hiyo hiyo ya mashine ya kuchomelea. Celestine akatikisa kichwa. Chukueni ya BTU elfu tisa, akasema, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza, nyota nne, inawatosha. Ndogo itakaa na mashine ya baba. Kubwa itapigana nayo.

Tulirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kipuuzi. Tangu Septemba ni mara ya kwanza nimejifunza kitu kisichohusu mkojo wala kidonda.

Jumamosi, 18 Januari

Sabato. Baada ya ibada chumba kikajaa. Kanisa letu haliachi mgonjwa, na wasipokuja nitalia, wakija nitachemka. Watu kumi na kitu, nyimbo tatu, maombi, na kila pumzi ni moto.

Mbele yao wote Helen. Mama Helen ndiye mkuu wa Dorkasi, kina mama wetu wa kusaidia wasiojiweza, anashona sare za shule pale barabarani, na hana hodi. Anaingia tu. Anafungua pazia, anafunika sufuria, ananihamishia simu. Siku moja nitamuuma. Leo Ombui alipotaja kiyoyozi, Helen alisimama katikati ya chumba akatangaza kwamba hilo ni la kanisa, watachanga wao, sisi tukae tungoje. Watu wakasema amina. Nami nikasema amina. Ningesema nini?

Alhamisi, 23 Januari

Ombui ameitwa kanisani waulizane habari ya mchango. Nilimfundisha kabla hajatoka: elfu tisa, nyota nne, Homa Bay kwa Celestine. Nikamwambia mwomba chumvi huombea chungu chake, asione haya. Akarudia maneno kama mwanafunzi. Akaenda.

Akarudi akitabasamu. Watu wametoa kwa moyo. Nikamuuliza umewaambia ukubwa? Akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekunjwa.

"Watu wanachanga kwa upendo, Bochaberi. Mimi nisimame niwaambie leteni ndogo?"

Nilitaka kumgeuzia mgongo. Lakini hata kumgeuzia mgongo, ni yeye wa kunigeuza. Nimelala nikitazamana naye nikiwa nimefumba macho, basi.

Jumapili, 2 Februari

Wameileta. Jua la Sabato lilipozama tu wakaanza kupanga gari, na leo saa nne nimesikia nyimbo zikianzia kwenye lango la ploti. Sanduku lilibebwa na wanaume wanne. Nilijua kabla hawajalifungua. Elfu ishirini na nne. Kitu cha kupoza ukumbi wa arusi, chumbani mwangu. Hata hawakununua kwa Celestine; mtu alikuwa na mtu wake mjini.

Helen akapapasa ile karatasi usoni mwa mashine, ya nyota tano, zimejaa upinde mzima. "Tuliambiwa kuna za nyota nne," akanong'ona kwa furaha. "Nikasema Mama Orina hawezi kuletewa kitu kidogo." Alikuwa na machozi. Wengine walikuwa na machozi. Mama mmoja anayeuza dagaa wa omena kwa vikombe alikuwa ametoa, naye alisimama mlangoni akitabasamu na ndala zake mkononi.

Mimi nikasoma ile namba ya chini. Ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile niliyoonyeshwa na Celestine. Nikamtazama Ombui, Ombui akatazama dari. Basi nikawashukuru. Nilishukuru vizuri, tena kwa Kiswahili cha kanisani, mpaka mzee mmoja akasema ugonjwa haujaniondolea ulimi.

Jumatatu, 3 Februari

Lazima niandike ukweli. Mafundi walipoiwasha, baridi iliponigusa uso, nililia kama mtoto. Nimelala mchana, usingizi mzito. Mungu awabariki wote, hata Helen.

Alhamisi, 6 Februari

Hivi ndivyo inavyofanya. Inavuma, kwa dakika chache chumba kinakuwa baridi ya kuning'atisha meno, inanyamaza. Inanyamaza kwa sababu imemaliza kazi mapema, chumba ni kidogo kwake. Lakini unyevu haujatoka, shuka inaninata. Joto linarudi, inaamka tena kwa nguvu zote, balbu inafifia. Madirisha yote yamefungwa, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Simwoni mpita njia. Hata kuku wa jirani aliyekuwa akiingia kunisalimia hapati pa kupita.

Jumamosi, 8 Februari

Sabato ya kuja kuitazama mashine. Mlango ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa kama wa choo cha stendi. Kwetu mtu akifunga mlango mchana ana msiba au ana nyama, basi kila aliyeingia aliuacha wazi kwa adabu, na mashine ikavuma mpaka jioni ikijaribu kupoza barabara. Tokeni za stima tulizonunua za wiki ziliisha siku hiyo hiyo. Helen alishika rimoti muda wote.

Jumanne, 11 Februari

Grainda halilii leo.

Alhamisi, 13 Februari

Kimya tena. Nimemuuliza Ombui, amesema kazi imepungua. Sawa. Lakini mchana nilisikia sauti ya mteja nje akiuliza dirisha lake, na Ombui akamwambia wiki ijayo. Kazi imepungua na wateja wanafukuzwa, hayo mambo mawili hayalali kitanda kimoja.

Jumapili, 16 Februari

Ombui anaingia, ananigeuza, ananipa maji, anatoka. Hana harufu ya chuma. Kwa miaka kumi na sita mtu huyu amenuka chuma kilichoungua na leo ananuka sabuni. Anashinda wapi? Nimelala hapa kwenye sanduku la baridi, siwezi kuinua hata pazia. Nawaza mengi. Nawaza kwamba huenda hawakungoja nirudishwe kwetu, mtu wa kupika ashapatikana. Nimeanza kumchukia, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo.

Ijumaa, 21 Februari

Sasa naweza kushika kalamu. Yalitokea juzi, Jumatano.

Asubuhi Ombui alikuja kuniaga. Ana lango la kupeleka Homa Bay, alilimaliza zamani na mwenyewe amechoka kungoja. Aliweka maji karibu, simu karibu, akaongeza tokeni, akasema saa tisa atakuwa amerudi. Nilimjibu kwa pua. Alisimama kidogo mlangoni, akafunga, akaenda.

Kabla ya saa sita nikasikia mashine ya kuchomelea ikinguruma bandani. Ni Joash, anayefanya kazi na Ombui. Mteja wa dirisha alikuwa amekuja na matusi, kijana wa watu akaona amalizie. Mlio mmoja tu. Kisha taa ikazimika, kiyoyozi kikanyamaza, kila kitu kikanyamaza. Joash akasema kwa sauti, "Stima imepotea." Sisi hapa stima ikipotea hatuulizi, tumezoea, inapotea kwa wote na inarudi ikitaka. Hakwenda kutazama swichi kuu ya laini yetu. Nilimsikia akiweka vyuma chini na kwenda zake kula.

Nikangoja stima irudi. Ningejuaje kwamba imetoka kwetu peke yetu? Chumba kilijaa joto upesi. Ile dari, ile mianya tuliyoziba, yale madirisha, kila kitu tulichofanya kuzuia baridi isitoke sasa kilizuia joto lisitoke. Nikanyosha mkono nichukue simu, nikaisukuma ikaanguka. Niliisikia ikigonga sakafu. Ilikuwa pale, mkono mmoja chini ya kitanda, na ingekuwa Nairobi ni sawa.

Niliita. Niliita Joash, niliita jirani, niliita hata kwa Ekegusii, lugha ya kwetu, kana kwamba itapenya ukuta. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, barabarani magari yanapita. Uso ulikuwa unachuruzika jasho na chini ya kifua niko mkavu kama karatasi. Nilimwagia kifua maji yote ya kikombe. Kisha kichwa kikaanza kupiga, kisha nikaanza kuona maziwa yakichemka kwenye dari, nikawa namwambia mama ayaondoe motoni. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata mtaroni. Mtaroni kulikuwa na watu.

Aliyefungua mlango ni Helen, bila hodi. Alikuwa amekuja kunionjesha uji wa wimbi. Sikumbuki alivyopiga kelele, nakumbuka maji. Alimwaga ndoo nzima juu yangu na kitanda, akapasua mapazia, akafungua madirisha, akanipepea kwa kifuniko cha sufuria huku akimkemea shetani na mimi kwa pamoja. Kisha akakimbia nje kwa majirani, akakuta redio zao zinaimba. Ndipo akaiona swichi yetu iko chini. Akaipandisha, kiyoyozi kikavuma. Joash alikuwa amerudi, akaona stima ipo, akawasha mashine yake tena, na swichi ikaanguka mbele ya macho ya Helen.

Basi Joash akasema yote. Kwamba Ombui amemkataza kuwasha mashine kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, kwa sababu vyote viwili havibebwi na ile laini. Kwamba tangu wiki ya kwanza Ombui hachomelei. Anakaa kwenye kigoda karibu na swichi kutwa nzima, ikianguka aipandishe. Wateja wanamwona amekaa, wanamtukana, wanaenda kwingine. Anaoga asubuhi kama mtu wa ofisini, kisha anakaa hapo.

Helen alinieleza akinikausha nywele. Nilitamani anichape.

Ombui aliporudi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningeizima. Ni kweli, ningeizima.

Jumamosi, 22 Februari

Machuki amepiga. Helen, kwa wema wake, alimpigia simu kumweleza yaliyonipata. Machuki hakubishana nami. Amesema anatafuta gari lenye nafasi ya godoro.

Sabato ikaja na watu wake. Walikuwa wamejadiliana. Mzee Nyangau, mzee wa kanisa letu, akasimama akasema wataomba Ombui apate mahali pengine pa kufanyia kazi, ili mashine ya kanisa ifanye kazi yake kwa amani. Watu wakainamisha vichwa. Ombui naye akainamisha, wa kwanza kabisa. Nikaona anakwenda kufungua kinywa aseme tutaona, na banda lake likahama, na mlo wetu ukahama nalo.

"Msiombe hilo," nikasema. "Mashine hii ni kubwa kwangu. Niliijua siku mliyoileta na nikawadanganya kwa shukrani. Irudisheni, mniletee ndogo. Nyota nne zinanitosha."

Yule mama wa omena alitazama vidole vya miguu yake, na hapo nilijuta, na hata sasa najuta. Helen aliweka rimoti juu ya meza, taratibu, akachukua Biblia yake akatoka. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila mmoja aliufunga mlango nyuma yake, sasa wanajua kuufunga.

Ombui hakunigombeza. Alikaa pembeni ya kitanda, uso umemwiva kwa aibu, akanishika bega, mahali ninapohisi.

Jumatano, 26 Februari

Hakuna mtu.

Jumamosi, 1 Machi

Hakuna mtu. Walipita barabarani wakiimba kwenda kumwona mgonjwa mwingine. Nilizima mashine nizisikie nyimbo vizuri, nikaimba sauti ya pili peke yangu, kisha nikaiwasha.

Kama nilidhani wakija wananifunga, sijui niite hivi nilivyo leo ni nini.

Jumatano, 5 Machi

Leo mtu amepiga hodi. Nikasema karibu, akapiga tena, nikasema karibu, nikasikia mlango ukifunguliwa kidogo. Alikuwa Helen. Nilikuwa tayari kwa matusi.

Akakaa. Akasema alikwenda Homa Bay Jumatatu, kwa huyo Celestine wangu, kumgombeza anayefundisha wagonjwa kukataa zawadi. Celestine akamkaribisha, akamnunulia chai, akamwekea karatasi mbili mbele yake. Helen akasoma. Mtu anayekata vitambaa vya sare hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba kikubwa si lazima kimfae mtoto.

"Niliona nyota, sikuona namba ya chini," akasema. Akafuta miwani yake. "Uliniaibisha mbele ya kanisa, Mama Orina. Lakini ningekuzika kwa mkono wangu ningeaibika zaidi."

Nikamwomba msamaha kwa vile nilivyosema, si kwa nilichosema. Akasema yeye kwa kuleta kubwa hataomba msamaha, na mimi nisimwombe zaidi, tuachie hapo. Celestine amempata mwenye hoteli pale Homa Bay anayeitaka ile kubwa kwa ukumbi wake. Baada ya hapo akaamka akahamisha simu yangu kutoka mahali nilipoiweka, na mimi nikanyamaza.

Jumapili, 9 Machi

Ndogo imekuja. Wameibeba watu wawili. Hakuna aliyeimba. Helen aliwasomea karatasi yake mbele ya wote kama andiko: ukubwa, nyota, yuniti. Kisha akatangaza kwamba Sabato watakuwa wakiingia wawili wawili, wengine waimbie nje dirishani. Yule mama wa omena aliingia wa kwanza. Nilimshika mkono, nikashindwa kusema. Akasema haidhuru, yeye hata friji hana, angejuaje.

Jumatano, 12 Machi

Kiyoyozi kinanong'ona tangu asubuhi, hakizimi wala hakirukiruki. Nje grainda linapiga kelele za kupasua masikio. Ombui ananuka chuma. Amenikera leo mara tatu na nimefurahi zote tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Stima ilipotea Migori nzima, hii ya kweli. Ombui alifungua madirisha, akafunga vipande vya barafu kwa kitambaa, akanipepea mpaka iliporudi. Mashine ikiwa na nyota hata kumi, stima isipokuwepo ni sanduku ukutani. Hilo nalijua. Mvua bado. Bado siwezi kukaa. Bado dunia yangu ni dari na mlango.

Jumapili, 16 Machi

Machuki amekuja. Nilisikia gari likirudi nyuma mpaka mlangoni, nikajua ni la godoro. Alikuwa na shangazi yetu na blanketi mbili, kwani Nyamira kuna baridi.

Hakuwa na maneno makali. Amesema kwamba siku ile nilikuwa nimekwisha, kwamba stima ya huku haiaminiki, kwamba kwa mama sihitaji mashine yoyote, dirisha tu. Kila alichosema kilikuwa kweli. Kisha akamgeukia Ombui akamwambia, kwa heshima, "Shemeji, nipe dada yangu nikamuuguze."

Kwetu kaka ya mke ni mtu wa kupewa kiti kizuri, na akiomba kitu mwenye nyumba hutoa. Ombui alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake iliyotobolewa na cheche. Nilimtazama mdomo. Moyo ulikuwa ukinidunda mpaka nikaona shuka ikicheza kifuani. Nilingoja tutaona.

"Shemeji," akasema, "kuku nitachinja, na kiti ni hiki. Bochaberi sikupi."

Shangazi alifunika mdomo. Machuki alitazama godoro lake kwenye gari, akamtazama Ombui, akanigeukia mimi, akaniuliza nasemaje.

Nikamwambia aingie ndani na afunge mlango, baridi inatoka.